Punguza Kazi, Usipunguze Mtu

Wanangu na wajukuu zangu.

Nasikia mnasoma. Mchana mko kazini, jioni darasani, usiku mtoto analia na kitabu kiko wazi. Hapa Dodoma mmoja yuko UDOM, mwingine Chuo cha Mipango, mwingine St. John's pale Kikuyu palipokuwa Sekondari ya Mazengo. Wengine mmejiandikisha Chuo Kikuu Huria, mnasomea sebuleni kwenu. Nimefurahi. Someni. Asitokee mtu wa kuwaambia kwamba mwenye mtoto hana tena haja ya daftari.

Ila nimesikia pia namna mnavyoutafuta muda. Mkikutana mnaulizana: mwenzangu unapataje nafasi ya kusoma? Nani anakupikia? Nani anakufulia? Na majibu mnayopeana ndiyo yananiogopesha. Njooni mkae, mnisikilize bibi yenu.

Kazi ya nyumbani haifi kwa kuwa umeikimbia. Maji yatachotwa, sufuria itasuguliwa, mtoto ataogeshwa. Kama si wewe, yupo mtu anafanya. Mimi nasema hivi: ukitua mzigo, geuka utazame nani ameuinua.

Wengi wenu hamgeuki. Mnafurahi kichwa kimekuwa chepesi, mnafungua kitabu, mnasonga mbele. Njia hiyo naijua mwisho wake. Nimewaona waliopita humo, wakafika kwenye mahafali wakiwa na joho zuri, na nyumbani wameacha deni ambalo mshahara wa cheti kile haukulilipa.

Nawasihi, wanangu. Punguzeni kazi. Msipunguze mtu.

Msidhani shida hii imeanza na nyinyi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, nchi nzima ikaingia kwenye kisomo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wakakusanyika vikundi kwa vikundi kuzunguka redio, wakijadili vyoo, maji na malaria. Mama zenu wakubwa walikwenda na watoto mgongoni. Na walipotoka kisomoni, kuni zilikuwa hazijaletwa na jiko lilikuwa la baridi.

Nani aliendelea na nani alikatishwa? Aliyekuwa na akili nyingi? Hapana. Aliendelea yule ambaye kwao kulikuwa na mtu mzima wa kumpokea kazi.

Kisha mashine ya kusaga ikafika vijijini. Nyinyi mnaiona ni mlio tu wa kuwasumbua mchana. Sisi tuliosaga uwele kwa jiwe na kutwanga mtama kwa kinu tulijua kilichoingia. Saa za kuinamia jiwe ziliondoka, na hakuna mtoto aliyepokonywa saa hizo. Kazi yenyewe ndiyo ilipungua. Hiyo ndiyo akiba ya muda iliyo halali. Nataka mtafute akiba ya namna hiyo.

Sasa nitawaonyesha akiba ya haramu, maana mnayo majumbani na hamuitambui.

Ya kwanza ni binti yako mkubwa.

Yuko darasa la nne, mwaka wa mtihani wa upimaji wa taifa. Ni mtulivu, ana huruma, anaona mama yake anachoka. Ulianza kwa kumwambia ambebe mdogo wake kidogo. Ikaja kuosha vyombo. Ikaja kupika uji, kufua nepi, kwenda gengeni. Leo anarudi shule, anatupa mkoba, hakai chini mpaka saa tatu usiku. Wewe uko mezani na asaimenti yako. Wageni wanamsifu: huyu mtoto amelelewa.

Mwanangu, huyu mtoto ameajiriwa, na mshahara wake ni hizo sifa za wageni.

Utasema kazi inamfunza maisha. Kweli, mtoto asiyeshika ufagio huja kuwa mzigo kwa mwenzake. Lakini ipo kazi ya kumfunza mtoto na ipo kazi ya kumwokoa mzazi. Ya kumfunza huisha kabla ya giza na haigusi daftari lake. Ya kumwokoa mzazi haina mwisho, kwa sababu shida yako haina mwisho. Zitenganishe.

Na kwa nini ni binti tu? Kaka yake yuko uwanjani anacheza mpira, ana mikono miwili kama ya dada yake. Mpe sifongo. Mfundishe kusonga ugali angali mdogo. Sufuria haijui anayeisugua ni wa kike au wa kiume.

Usipotazama, mambo yataisha hivi: cheti kimoja kitaingia nyumbani kwa mlango wa mbele, na kingine kitatoka kwa mlango wa jikoni. Wewe utapata digrii, yeye atapata alama za kumwaibisha. Kisha utatumia mshahara wa digrii yako kumtafutia mwalimu wa tuisheni, huku naye ameshaamini kuwa hana akili. Nimeliona hili. Nawasihi lisirudiwe.

Ya pili ni mtoto wa mwenzako.

Tusemezane ukweli, sisi watu wa nyanda hizi za kati. Mabinti wa kazi za ndani wa nchi hii wengi wanatoka kwetu: vijiji vya Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Singida na kule Iringa. Mvua ikigoma Februari, mahindi yakikauka yangali na mbelewele, kuna nyumba ambako binti huuliziwa basi la kwenda mjini. Na sasa mji wenyewe umetufuata. Tangu serikali ilipohamia Dodoma, huna haja ya kumpeleka Dar es Salaam. Anashukia hapa hapa, anapelekwa Kisasa, Nzuguni au Ihumwa, kulea mtoto wa mtu anayesoma.

Wewe msomaji wangu unamwita dada. Nakuuliza: dada ana miaka mingapi?

Usiniambie mwili wake ni mkubwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefika 14 na hajatimiza 18 hupewa kazi nyepesi, isiyomdhuru wala kumzuia shule, na haruhusiwi kufanyishwa kazi kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Na wewe unamwamsha saa kumi na moja achemshe maji ya kuoga ili uwahi daladala.

Mwaka 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada mpaka kidato cha nne. Basi huyu aliyekaa jikoni kwako alipaswa kuwa wapi saa hii?

Kuna mtu anasomea maendeleo ya jamii. Anaandika kurasa na kurasa kuhusu haki za mtoto, na anayemletea chai akiandika ni mtoto aliyeacha shule darasa la sita. Mhadhiri atampa alama nzuri, lakini Mungu hasahihishi kwa kalamu ya mhadhiri.

Kama lazima uwe na msaidizi, mwajiri mtu mzima. Kaeni muandikiane mkataba. Umlipe tarehe mliyokubaliana, hata kama bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, halijatoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mpe siku ya kupumzika, na siku hiyo usimwombe "nisaidie hiki kidogo tu."

Tena muulize kama naye anapenda kusoma. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya kusoma sekondari nje ya mfumo rasmi, na kuna mtihani wa maarifa kwa waliokosa nafasi. Mkipanga vizuri, nyumba moja inaweza kuwa na wanafunzi wawili. Saa yako ikitoka kwake, na yake itoke kwako.

Usipofanya hivyo utaona mlolongo wa mabinti. Huyu ameondoka, huyu amekuja, huyu ametoroka na begi usiku. Kila anayeondoka anaondoka na kipande cha moyo wa mtoto wako, aliyeanza kumzoea. Halafu mnajiuliza kwa nini mtoto amekuwa mkali, kwa nini hapokei mkono wa mtu.

Ya tatu ni mke wako. Hapa naongea nawe, kijana wa kiume.

Wewe nawe ni mzazi na unasoma. Lakini sijawahi kusikia mtu anakuuliza unapataje muda. Hawakuulizi kwa sababu jibu limekaa jikoni. Baba akisoma, nyumba nzima inanong'ona. Mama akisoma, nyumba nzima inaita: mama! Soksi ziko wapi? Mama! Huyu kanipiga! Mama! Chumvi imeisha!

Mwanangu, ulipokuwa unasoma mkeo alifunga mlango akawazuia watoto wasikusumbue. Sasa ni zamu yake. Mfungie mlango. Wachukue watoto, waogeshe, walishe, walaze. Usiseme "namsaidia mke wangu." Mtu hasaidii kulea wanawe, anawalea. Na ukipika, pika mpaka kuosha sufuria. Mpishi anayeacha masufuria amefanya kazi nusu.

Mwanaume wa Kigogo hakuzaliwa akiogopa jiko. Machungani ulichoma nyama mwenyewe, hukungoja mtu akupikie. Aibu ya kupika umeikuta mjini, na mjini uiache.

Ya nne ni mwili wako mwenyewe.

Najua mnavyofanya. Kila mtu akilala ndipo mnapoanza. Saa tano, saa sita, saa nane, na alfajiri mko juu. Usiku ni mkopeshaji mpole, haulizi dhamana. Lakini ukianza kudai haupokei sababu. Unadai kwenye ubongo: unasoma ukurasa mara tatu na hujui kilichoandikwa. Unadai kwenye mdomo: unamfokea mtoto kwa kikombe kilichomwagika. Unadai barabarani: unasinzia kwenye usukani. Na mwisho unapata sapu, unarudia mtihani wa somo ulilolikeshea, au unadisko, unaondolewa chuo kabisa.

Na kuna usiku mwingine mbaya zaidi. Mwezi wa sita na wa saba Dodoma kuna baridi. Mtu anaona vidole vimekufa ganzi kwenye kalamu, anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha ili mtoto asipulizwe na upepo. Mkaa ule unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Unasinzia kwenye kitabu na huamki. Wala mtoto haamki.

Nawaomba, nawaomba tena: jiko la mkaa lisiingie mnapolala. Jifunikeni blanketi, vaeni sweta mbili, mkalale. Kitabu kitawangoja asubuhi.

Ya tano ni simu. Mtoto akilia anapewa simu, nyumba inakuwa kimya, mzazi anasoma. Ukimya ule ni mtamu, najua. Ukiutumia mara moja moja hakuna aliyekufa. Lakini ukiifanya simu kuwa mlezi, mtoto atajifunza maneno ya simu na hatajifunza ya kwenu. Mtoto anajifunza kusema kwa kujibiwa, na simu haimjibu. Mkalishe karibu, mpe vifuniko vya chupa na kikopo, wewe soma yeye achezee. Kelele za mtoto anayecheza si adui wa kitabu.

Nimemaliza hizo tano. Bado jambo moja la hatari, nalo linatuhusu sisi wa Dodoma kuliko wengine.

Wapo mnaookoa muda kwa kuruka kazi ambayo hairukwi. Mnakumbuka mwaka 2016? Hapa mkoani kwetu na kwa jirani zetu wa Manyara, watu walianza kuumwa matumbo, macho yakawa ya njano, miguu ikavimba. Waliougua walikuwa zaidi ya 60, na karibu 20 wakafa, watoto wakiwemo. Chanzo kilikuwa sumukuvu. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri au zilizohifadhiwa kwenye unyevu. Ukipika haitoki. Ukichemsha haitoki.

Kinga yako ya kwanza ni macho na vidole: kuanika juu ya turubai, siyo juu ya udongo, kuchambua, punje kwa punje, kutupa iliyovunda, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi. Kazi hiyo inakula muda. Na huo ndio muda ambao sitaki muuokoe. Unga wa lishe uliochanganywa kila kitu, mahindi, karanga, soya, ulionunua bila kujua umetengenezwa wapi, ni wa haraka, lakini hujui aliyeuchambua ni nani. Nunua nafaka, chambua mwenyewe Jumamosi moja, peleka mashine, uwe na unga wa wiki kadhaa. Kalisheni watoto wawasaidie, ni kazi ya kupigia hadithi.

Sasa mtaniuliza: bibi, umetunyima binti, umetunyima usiku, umetunyima simu. Muda tutautoa wapi?

Mtautoa kwenye kazi zenyewe. Nisikilizeni vizuri hapa.

Anzeni na kazi za sifa. Nusu ya mnayofanya hayafanywi kwa ajili ya watoto wala kwa ajili yenu. Yanafanywa ili jirani aone. Kupiga pasi mashuka. Kupiga deki mara tatu kwa siku. Vumbi la Dodoma halijawahi kushindwa na fagio la mtu, na upepo wa Agosti haujui kuwa umetoka kudeki. Fagia asubuhi, deki jioni pale watoto wanapokaa na kulia chakula, kwingine kungoje Jumamosi. Vitambaa vya makochi vitoe mpaka uhitimu.

Kisha vikao. Kikao cha harusi, kikao cha sendofu, kikao cha kuvunja kamati ya kikao. Msibani nenda, hilo sikuzuii, binadamu ni msibani. Kwenye harusi toa mchango wako, siku yenyewe ukacheze, lakini ujumbe wa kamati uukatae kwa adabu. Sema: nasoma. Watakaokununia watakusamehe siku ya mahafali, maana nayo itakuwa na pilau.

Njooni jikoni. Maharage yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe asubuhi. Yataiva upesi na mkaa utabaki. Chemsheni mengi kwa mara moja. Mwenye friji ayagawe kwenye makopo, atoe la siku. Asiye na friji asipike ya wiki. Apike ya leo na kesho, na kila yakitolewa yachemke mpaka kati. Kiporo kilichopashwa moto juu juu kimewalaza wengi zahanati, na siku ya kulala zahanati ni siku usiyosoma.

Na msisahau tulichowaachia. Mlenda mkavu ni chakula cha haraka kilichokuwepo kabla ya hizo tambi za pakiti mnazowapa watoto. Majani yanachumwa wakati wa masika, yanaanikwa, yanatwangwa, yanakaa mwaka mzima. Maji yakichemka unakoroga, unatia karanga ulizozichambua, na kabla ugali haujasongwa mboga iko tayari. Wazee wetu waliishi kwenye nchi ya mvua chache, walijua kufanya kazi ya kiangazi wakati wa masika. Nanyi fanyeni hivyo: kazi ya wiki ya mitihani ifanyeni wiki mbili kabla.

Mwenye uwezo wa mtungi wa gesi aununue kabla ya televisheni. Serikali imeweka mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwisho wake. Msingoje mwisho wake. Najua kujaza mtungi ni ghali. Basi gesi iwe ya chai ya asubuhi na uji wa usiku, vitu vidogo vinavyokula muda kwa kupepea. Maharage na makande yaende kwenye mkaa, Jumamosi, nje, jiko likijipikia nawe unasoma kivulini.

Maji ya mgao yakitoka, simamisha kila kitu ujaze. Siku moja ya kujaza inakuondolea wiki ya kukimbizana na mikokoteni ya madumu. Lakini kila pipa liwe na mfuniko mzito. Mtoto anayetambaa huzama kwenye ndoo ambayo kwako ni fupi.

Na lililo kubwa kuliko yote ni zamu.

Wazee wetu walilima kwa ujima. Leo shamba la huyu, kesho la yule, na hapakuwa na shamba lililobaki porini. Hapo mtaani kwenu, Chang'ombe, Nkuhungu, Makole, wapo wazazi wenzako wanaosoma. Kila mmoja amejifungia kwake, anapika sufuria yake ndogo, analia peke yake. Kwa nini? Sufuria ya watu kumi haichukui muda mara mbili ya sufuria ya watu watano. Jumanne upike wewe, watoto wa jirani waje kwako wale, waoge, wafanye kazi za shule. Mama yao asome mpaka saa tatu. Alhamisi wako waende kwake. Hakuna aliyeajiriwa hapo, wala mtoto aliyetumikishwa, na jioni nzima imepatikana.

Mtu mkubwa akimkopesha mtu mkubwa, deni linalipika. Ndiyo tofauti. Binti wa miaka kumi hawezi kukudai.

Hapa nina neno kwa akina bibi wenzangu. Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi. Mlango umefunguliwa, lakini binti hawezi kuupita akiwa na mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Mpokeeni mtoto. Msimwambie "ulijitakia." Akisoma, mmevuna mara mbili, akikaa, mmelea watoto wawili. Lakini nanyi msichoke mkajifia. Semeni mnapochoka, na watoto wenu wa kiume wasikie. Penye kituo cha kulelea watoto mchana kilichosajiliwa, mchangiane ada.

Sasa mwanangu, umeshapata ile saa ya kusoma. Umeipata kwa jasho, kwa zamu ya jirani, kwa mume aliyefunga mlango. Usiketi nayo ukafungua simu "dakika moja tu." Hiyo dakika moja ina wajukuu. Kundi la darasa linacheka, kundi la ukoo linagombana, mtu ameweka picha za harusi, na saa imekwisha hujasoma hata aya. Hiyo ni dharau kwa waliokupa. Kabla hujaosha sufuria ya mwisho, weka kitabu mezani kikiwa wazi pale utakapoanzia, na simu mpe mwenzako aishike.

Nimesema mengi. Mmoja atasema bibi amezeeka, hajui mambo ya semesta. Semesta nimeziona nyingi zikija na kwenda. Nyumba ndiyo inabaki, na walio ndani yake ndio watakaokuzika.

Basi nawapa kazi ya leo usiku, nayo ni ya lazima. Chukua karatasi. Andika kila kazi inayofanyika kwenu tangu kuamka mpaka kulala, hata kuchemsha chai, hata kutafuta soksi. Mbele ya kila kazi andika jina la anayeifanya. Kisha pitia mara ya pili, ufute kila kazi ambayo ikikosa kufanyika hakuna atakayeumwa wala kulala njaa. Halafu hesabu majina yaliyobaki.

Ukikuta jina la mtoto limejirudia kuliko majina ya watu wazima, usinitafute mimi kwa ushauri tena. Mwiteni baba yake, mwiteni jirani, mkae chini mgawane upya usiku huo huo. Mkimaliza, fungua kitabu usome.